Nilisema Nimepona

Alhamisi, 3 Julai

Fellowship ya akina mama leo kwa Mama Lewis. Baridi ile yetu ya Molo, ukungu mpaka mlangoni. Tulikaa kwenye sebule yake yenye vitambaa juu ya kila kitu, hata juu ya redio. Kama kawaida tukazunguka: kila mtu atoe jambo moja, ombi au shukrani. Mama Lewis ndiye mwenyekiti, na hapendi chai yake ipoe.

Tangu mwaka jana mimi hutoa ombi. Lile lile. Viungo, viungo, viungo. Mwezi wa nne nilipolitoa nikasikia mtu akishusha pumzi kwa nguvu. Halafu nikaletewa maneno, kwa upendo eti, kwamba kuna watu wanajiuliza kama sina dhambi niliyoificha mahali. Upendo!

Basi leo zamu ilipofika kwangu nilikuwa nimechoka kuwa yule wa viungo. Nikasema: namshukuru Mungu, nimepona.

Ni hivyo tu. Nilitaka zamu ipite iende kwa jirani. Kumbe! Vigelegele. Mama Lewis akasimama, akanikamata mikono yote miwili, akaifinya na kuitikisa kwa wimbo mzima. Machozi yakanitoka yenyewe kwa uchungu. Wakadhani ni furaha, wakaongeza ubeti.

Na si kwamba walikosa sababu ya kuamini. Mwezi wa tano nilipata nafuu kweli. Dawa ilishika. Nilikamua ng'ombe mwenyewe, nikapanda kabichi, watu wakaniona sokoni na kikapu. Juni maumivu yakarudi, nami nikanyamaza. Nani anataka kusikia tena?

Ijumaa, 4 Julai

Kang'ethe ameambiwa dukani. Amekuja na nyama mchana, siku ya kazi! Mume wangu huyu ni mtu wa maneno machache, lakini leo amepiga mluzi akifungua geti. Sijamsikia akipiga mluzi tangu niugue.

Akaniuliza, mbona hukuniambia mimi kwanza? Nikasema nilitaka nihakikishe. Nyama ilikuwa mezani tayari, ningesema nini?

Jumapili, 6 Julai

Mama mkwe amesimama kanisani bila kuitwa. Yeye huwa hasimami. Amesema mkaza mwanawe amefufuliwa—amefufuliwa!—na kwamba familia itafanya ibada ya shukrani nyumbani, Jumamosi tarehe mbili Agosti, na wote wamekaribishwa, mpaka dada yake wa Ndabibi na watu wake. Mbuzi wapo. Tenti ipo. Kanisa likapiga makofi.

Namwelewa, na ndiyo maana namkasirikia zaidi. Miaka hii yote amesikia wanawake wakimwonea huruma ya mdomoni: maskini, kijana wake alioa mgonjwa. Leo amewaziba midomo. Alikuwa amevaa kile kitambaa cha kichwa cha harusi yetu.

Kang'ethe, mzee wa kanisa, ameketi mbele na mgongo umenyooka. Mimi nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Hata mashavu sasa.

Jumanne, 8 Julai

Mwandiko wangu umekuwa wa darasa la pili. Kalamu nimeishika kwa ngumi.

Asubuhi ndiyo mbaya. Vidole vimevimba, haviji wala haviendi. Naamka kabla ya watu ili wanikute nimeshavaa. Kiprugut anakamua—ni mfanyakazi wetu tangu vidole vilipoanza—nami nasimama pale nikijifanya nasimamia.

Kila mtu ana dawa yake. Vaa soksi. Kunywa tangawizi. Supu ya miguu ya mbuzi. Hamia Nakuru mjini, kule kuna joto. Ni baridi tu hiyo, wanasema, imeingia kwa mifupa. Si baridi jamani! Daktari alinieleza mwanzoni kabisa: ni mwili wangu mwenyewe unapigana na viungo vyangu. Askari wangu wananipiga mimi. Lakini ukieleza hivyo watu wanakutazama wakisubiri umalize, kisha wanakuambia uvae soksi.

Na kuna kitu kingine. Hiki sijamwambia mtu. Maumivu nayajua, tumezoeana. Hiki ni kwamba nafungua macho na jambo la kwanza ninalosikia moyoni ni masikitiko kwamba nimeamka. Silii. Nalala tu pale nikitamani usiku ungenichukua mzima mzima. Halafu nasikia ndoo za Kiprugut na nainuka.

Nimeliandika. Haya.

Jumatatu, 14 Julai

Kliniki, Nakuru. Nilimwambia Kang'ethe naenda kuchukua cheti cha kuonyesha nimepona. Aliamini. Siku hizi ninaaminika sana.

Kwenye benchi nilikaa na mwanamke wa Kabazi, anaitwa Emmy, mikono yake mibaya kuliko yangu, mdomo mzima kabisa. Alinionyesha dawa zake bila haya: hizi za viungo, hii ya tumbo, hii ya huzuni. Amesema hivyo hivyo, ya huzuni, kama mtu anayetaja chumvi. Nikasogea kidogo. Kisha nikaona haya kwa kusogea.

Daktari sasa ni kijana, Ogola. Alibonyeza kila kidole. Akasema ugonjwa umeamka, ataongeza dawa. Nilidhani tumemaliza. Akaegemea kiti na kuuliza: unalala? Unakula? Kuna kitu bado kinakufurahisha? Nikajibu, nalala, nakula, nafurahi. Akasema watu wengi wenye ugonjwa kama huu huzama moyoni pia, si kwa sababu ya udhaifu wala dhambi. Maumivu ya kila siku yanachosha akili, akili ikichoka maumivu yanazidi, na ugonjwa wenyewe nao una mkono wake humo. Kwamba vyote viwili hutibiwa, na hutibiwa pamoja.

Kisha akauliza moja kwa moja kama huwa natamani nisingekuwepo.

Nikasema: hata kidogo, Bwana asifiwe.

Hakuandika kitu. Akasema siku nyingine nije na mzee wangu, na mlango wake uko wazi hata kabla ya tarehe yangu. Nikamwambia mzee ana kazi nyingi. Nikatoka karibu mbio, mimi ambaye ngazi hunishinda.

Njia nzima ya kupanda Molo nilijichukia. Mtu ameuliza! Kwa mara ya kwanza tangu niugue mtu ameuliza swali lenyewe, naye alikuwa na muda wa kusikiliza, na mimi nikampa Bwana asifiwe.

Jumatano, 16 Julai

Dawa mpya inanitapisha. Mama mkwe amefurahi sana. Anadhani nina mimba. Katika umri huu! Ameenda kumwambia Mama Lewis, na Mama Lewis hajui kunyamaza.

Jumapili, 20 Julai

Kamati ya shukrani. Imekutana sebuleni kwangu, kuhusu mimi, na mimi nikapika chai.

Walibishana saa nzima kama ni mukimo wa viazi vya kuponda au pilau. Mama Lewis upande wa pilau, kwa sababu wageni wa Ndabibi wameona dunia. Mama mkwe upande wa mukimo. Wakaafikiana viwepo vyote viwili. Halafu nani ataambua waru, hivyo viazi vyenyewe? Kisha Mama Lewis akanigeukia uso unang'aa: si Mama Shiru amepona! Aanze na za leo tujaribu.

Nikaletewa beseni na kisu.

Niliambua. Walikuwa wakiimba karibu nami kunitia moyo. Kisu kiliponiponyoka mara ya pili mmoja akacheka kwa upole, akasema nimekuwa mvivu kwa kuzoea kuketi. Nikacheka pia. Natamani ningemrushia beseni. Nilitamani kabisa, nikapima na umbali.

Jambo jingine. Mama mkwe ameamua Kiprugut aende shamba la juu kuchimba waru, maana mwenye ng'ombe amepona na atakamua mwenyewe. Kang'ethe hakusema ndiyo wala la. Alikuwa anaangalia mikono yangu kwenye beseni. Au labda waru.

Jumatano, 23 Julai

Nakamua kwa viganja. Ng'ombe hapendi. Amenipiga teke, maziwa yote chini. Nikakaa kwenye matope yale nisione sababu ya kusimama. Kwa muda mrefu sikuiona. Mwishowe ni mbwa aliyenifanya nisimame, alikuwa ananilamba uso.

Alhamisi, 24 Julai

Sikuenda fellowship. Nilisema ni kichwa.

Ijumaa, 25 Julai

Sikufanya kitu. Sikuoga.

Jumamosi, 26 Julai

Shiru amekuja kutoka chuo, ili asaidie maandalizi. Msichana wangu. Ameingia chumbani, ameangalia, hajasalimia.

"Mum, nywele uliosha lini last?"

Nikamwambia nimekuwa bize na shukrani yangu.

Alichukua ndoo akaenda kukamua, na viatu vyake vizuri. Aliporudi akaketi kitandani, akanipaka mafuta mikononi, pole pole, mpaka kwenye kucha. Hakuna aliyenigusa mikono hivyo tangu niseme nimepona, maana mikono iliyopona haipakwi mafuta. Nilikuwa karibu kusema.

"Hauko sawa," akasema. "Na si vidole naongelea."

Nikamwambia akaangalie chai. Akasimama mlangoni.

"Mnapenda sana kusema mko sawa kwa hii nyumba. Siku moja mtakufa mkiwa sawa."

Nikamfokea. Nikamwita mtoto asiye na adabu. Nikasema chuo kimemharibu. Nilisema mengi, na kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Ameenda kulia kwa nyanya yake. Shiru ndiye mtu wa mwisho niliyetaka kumwumiza, na ndiye peke yake niliyempata karibu. Nina hasira na kila mtu mwenye vidole. Ndiyo hali yangu, na hiyo haimo kwenye ushuhuda.

Jumatano, 30 Julai

Mchungaji amekuja kunifundisha ushuhuda. Ni mtu mwema, nasema kweli, lakini amezoea kupanga mambo. Anataka kwanza shimo, kisha kilio, kisha ushindi. Shimo lisiwe refu, wageni watakuwa na njaa.

Nikaanza: niliugua, nikaenda kliniki Nakuru, nikapewa dawa—

Akanikatiza kwa heshima. Hapo niseme madaktari walikuwa wameshindwa.

Nikasema, lakini hawakushindwa. Nilipopata nafuu ni dawa zao.

Akacheka. "Sawa, Mungu pia ndiye hupea daktari akili. Lakini hiyo tuiache, itachanganya watu."

Kang'ethe alikuwepo. Alisema labda hiyo ya dawa ibaki. Mchungaji akasema hapana, mzee, tuende na ile ya madaktari kushindwa. Kang'ethe akanyamaza. Ni mtu wa kunyamaza. Nilimwoa—alinioa—kwa sababu hiyo hiyo, nyumbani kwetu kulikuwa na kelele mno. Sasa ningelipa chochote ili afungue mdomo.

Nikarudia mara tatu. Mara ya tatu Mchungaji alitokwa na machozi. Mimi nilikuwa kama nasoma bei za waru.

Ijumaa, 1 Agosti

Tenti imesimama. Nyeupe na zambarau. Wameiweka juu ya kabichi zangu, zile za mwezi wa tano. Wala hawakuniuliza. Mbuzi wawili wamefungwa kwenye nguzo ya maji, wanalia.

Dada yake mama mkwe amefika na watu wake. Amenitazama juu mpaka chini, akasema mbona nimekonda hivi na mimba. Nikasema ni shukrani.

Shiru hazungumzi nami, lakini asubuhi nilikuta ng'ombe amekamuliwa.

Nafikiria kesho jioni. Watakula, watakunja tenti, watasema ilifana. Kisha kutakuwa na Jumapili, na Jumatatu. Na sitakuwa tena na ruhusa ya kuugua. Nikisema naumwa wataniuliza nimefanya nini na uponyaji wangu. Na kile kingine, kile cha asubuhi, nitakipeleka wapi? Kinakua. Zamani kilikuwa cha kuamka tu. Sasa kinakaa nami mpaka chakula cha mchana, kinanishauri, na siku nyingine ushauri wake unaonekana wa busara. Hilo linanitisha kuliko vidole.

Nimtafute Mama Lewis? Ataita wanawake wote wanizunguke. Mchungaji? Ataona shimo limekuwa refu. Kang'ethe? Amepiga mluzi mwezi mzima. Nitamwondolea vipi?

Jumamosi, 2 Agosti

Wageni wamejaa. Spika zinatetemesha dirisha. Wamemaliza nyimbo za kuanza, Mchungaji ameomba, mama mkwe ametambulisha ukoo wote mpaka waliokufa.

Gauni limenishinda. Zipu iko mgongoni. Nani alishona zipu mgongoni kwa mtu wa viungo? Nilijaribu, nikajaribu kwa hanga ya nguo, nikaketi. Sikumwita Shiru. Niliketi hivyo, mgongo wazi, nikisikia wakiimba kwamba nimeinuliwa.

Kang'ethe akaingia. Suti, tai, kitambaa mfukoni. Akasema wananingoja. Nikamwambia zipu. Akaifunga, taratibu, bila kunishika ngozi. Kisha akaja mbele, akachuchumaa na ile suti, akanifunga viatu. Hakuuliza kwa nini siwezi kufunga viatu. Ndipo nikajua.

"Unajua," nikamwambia.

Akasema anajua. Tangu siku ya nyama. Aliniona nikikata ile nyama kwa kuegemea kisu kwa kifua.

Mwezi mzima! Nilitaka kumpiga kwa kiatu. Nikamwuliza, mbona hukusema?

"Ulisema umepona," akasema. Bado alikuwa anaangalia kamba za viatu. "Nilitaka tu iwe ni ukweli kidogo. Hata wiki moja." Kisha akasimama, akajipangusa magoti, akawa tena mzee wa kanisa. "Toka tu Mama Shiru, useme kidogo, watu wakule. Jumatatu nakupeleka Nakuru mwenyewe. Ni vidole tu. Tutatafuta dawa ya vidole."

Ni vidole tu.

Nje wakaita jina langu. Wamaitha, lote, na la baba yangu. Makofi.

Nikasema. Sikupanga. Nilisema, si vidole, Baba Shiru. Kila asubuhi ninapoamka nasikitika kwamba sijafa. Daktari aliniuliza nikamdanganya. Nimeogopa kufika Jumatatu.

Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, ya kuitisha sukari. Uso wake ulifanya kitu ambacho sijawahi kuona ukifanya. Akatazama mlango, akanitazama, akatazama mlango. Nikajisemea, sasa ataniambia tuombe.

Ameketi. Hapa kando yangu, kitandani, juu ya koti lake. Nimechukua kalamu kwa sababu siwezi kumtazama, na kwa sababu nisipoandika sasa nitakuja kusema halikutokea.

Mama Lewis amebisha mara mbili. Ameuliza kupitia mlango kama niko tayari, chakula kinapoa. Wameanza wimbo mwingine kujaza nafasi, ule mrefu, na umekwisha, na wameurudia kutoka mwanzo.

Amelegeza tai. Amenyoosha mkono kwenye mlango bila kuinuka, akasukuma komeo.

Mama mkwe ameshika maiki. Anawaambia wageni nakuja, nakuja sasa hivi, ni furaha imenizidi.

Kang'ethe ameniuliza, kwa sauti ya chini sana: "Hata leo asubuhi?"